Mkata Mboga na Jani Lililomezwa

Habari za kifo zilinikuta kitandani, mahali ambapo habari nyingi za maisha yangu huja kunitafuta. Ilikuwa baada ya alasiri. Simu ililia mara mbili juu ya kopo la majani ya chai, nikaiacha, maana nimeshajua kwamba anayenipigia saa ya mapumziko huwa anataka kunitoa ndani. Ndipo ukaja ujumbe. Mkata mboga wetu wa zamani amefariki Jedda, jikoni, akiwa amesimama mbele ya karai lake; moyo, wamesema. Aliyeniandikia ni msimamizi wa jiko hilo, mtu ninayetoka naye mji mmoja, na chini ya habari alikuwa ameongeza ombi: "Ndugu yangu, wewe una kalamu. Mwandikie marehemu kumbukumbu nzuri kwenye safu yako. Na usisahau kutaja kwamba mimi na yeye tulishayamaliza, tulikaa meza moja tukala pamoja zile mboga chungu za kwao." Nimelisoma ombi hilo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua ya mapenzi. Nimeandika safu hii kwa miaka na hakuna aliyewahi kuniagiza makala nikaifurahia kazi yake namna hii. Ombi limekubaliwa. Karibuni.

Mnaonisoma kila wiki mnanijua: ni mtunza stoo wa jiko moja kubwa la kampuni hapa Riyadh, linalopikia kambi za wafanyakazi. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na alama nilizopata ni siri kati yangu na marehemu mama. Safari zangu kwa miaka yote hii ni kutoka chumbani kwangu Al-Murabba kwenda stoo, na kutoka stoo kurudi chumbani, kwenye kikoi changu na birika langu. Wananiambia wanaotoka kwamba mji umebadilika mno, kuna sinema, kuna muziki mikahawani, wanawake wanaendesha magari na wanakupigia honi ukizubaa. Nami huwaambia nawaamini, hakuna haja ya kwenda kuhakikisha. Leo nawasalimu kipekee wasomaji wangu wa Al-Mahjar, kule kusini mwa Jedda, ambao kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana hubaki mezani wakasomewa safu hii kwa sauti. Anayewasomea ni huyo huyo msimamizi. Ana sauti ya mtangazaji wa redio, na nasikia harukii neno na hapendi kukatizwa. Namshukuru. Mwandishi gani hapendi kusomwa hivyo?

Marehemu alizaliwa kwenye vilima vya upande wa Mbale, Uganda, akakulia Bungoma, akafanya kazi Nairobi kabla ya kuja huku, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, hakina mapambo. Mimi aliniita Mwinyi, kwa sababu natoka Tanga na kwa sababu, alivyosema, hajawahi kuona mtu anayekaa vizuri kama mimi. Mimi nilimwita Fundi. Kazi yake ilikuwa majani: kupokea makreti ya saladi, kuyaosha, kuyakata, mlima baada ya mlima, kila siku isipokuwa Jumamosi. Jumamosi alibadilishana zamu na yeyote atakayekubali, hata kwa zamu mbili za siku nyingine, na jiko zima likaamua kwamba ni Msabato. Hakukanusha. Ikawa hivyo mwaka mzima, mpaka siku moja alipokuja dirishani kwangu stoo akaniomba zeituni. Nikamuuliza kopo au pipa. Akasema moja.

"Zeituni moja? Unataka kuiposa?"

"Nataka kupimia," akasema.

Aliingia, akachagua kwenye pipa kama mtu anayechagua kito, akaiacha ya kijani akachukua nyeusi nono, akaiweka kiganjani akaitazama. Nilipomchokoza zaidi ndipo akaniambia polepole kwamba yeye si Msabato. Yeye na ukoo wake wote kule vilimani ni Wayahudi, tangu enzi za babu zake, na wiki ile ilikuwa inaingia Pasaka yao, ile ya Nabii Musa kuwatoa watu wake kwa Firauni. Usiku wa kwanza wa sikukuu hiyo kila mtu hula mkate usio na chachu na baada yake mboga chungu, kukumbuka utumwa, na sheria yao imeweka kiasi: isipungue ukubwa wa zeituni. Nilicheka nikamwambia kwetu kiasi cha kukumbuka shida ni sahani nzima. Lakini lilinikaa. Mtu anakata saladi inayotosha kambi tano, halafu anakuja kupima jani lake mwenyewe kwa zeituni moja, asije akapunja.

Nikataka kumfanyia jambo jema, na hapo ndipo nilipoharibu. Siku zile lilikuja kreti la hindiba kwa makosa, yale majani ya porini wanayopenda watu wa Shamu, machungu kweli kweli, ndugu wa mchunga wetu wa Tanga. Nikasema, mimi ndiye mtu wa kazi hii. Nikayachemsha, nikamwaga maji, nikayachemsha tena, nikamwaga, nikatia kitunguu na tui zito la nazi, nikampelekea kwenye bakuli lililofunikwa, nimejaa fahari kama mkwe mpya. Akafunua. 

"Mwinyi, hii umeiua kabisa."

Ndipo aliponisomesha. Haitakiwi kuchemshwa. Haitakiwi kutiwa siki wala kuvundikwa. Hata kuloweka kwenye maji siku nzima kunaiharibu, maana kuloweka kunahesabiwa ni kama kupika. Iwe mbichi, na kama ni majani, yawe hayajakauka. Na iliyo bora, wanasema wanazuoni wao, ni hii hii saladi ndefu inayoitwa huku khasi, ile ya kila siku. Nikapinga. Saladi ina uchungu gani? Sungura anaijua, mtoto anaila. Akanikatia kipande cha chini kabisa cha jani, karibu na shina, pale penye uti mweupe, akaniambia nitafune nisiseme. Mwanzo ni maji matamu. Halafu, pole pole, nyuma ya ulimi, kinakuja kitu. Akasema ndiyo sababu imechaguliwa. Firauni hakuanza na mijeledi. Alianza na maneno laini, njooni mfanye kazi kidogo kwangu, na uchungu ukaja baadaye watu wameshazoea utamu. Nilikuwa nakumbuka siku niliyotia saini mkataba wangu, na soda baridi niliyopewa na yule wakala.

"Kwenu mnafanyaje na kitu kichungu?" akaniuliza.

"Tunachemsha, tunamwaga maji, tunatia nazi."

"Ndiyo maana nyinyi watu wa pwani hata matusi yenu yana tui."

Alikula hindiba yangu kwa wali siku mbili kabla ya sikukuu, akaisifu sana kama chakula. Kama ibada, alisema, haifai hata kwa Firauni.

Mwaka uliofuata mama yake aliugua. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, nasi jikoni tulikuwa tunajiandaa kwa Ramadhani, ambayo kwetu ndiyo msimu wa kuvunjika mgongo, maana kampuni huchukua tenda za futari. Nyakati hizo ndizo mabadiliko yalipotufikia na sisi wa makampuni: zamani hukutoka nchini bila kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, kukukubalia, sasa sheria ikasema mfanyakazi anaweza kujiombea mwenyewe ruhusa ya kusafiri kwa simu yake, mwajiri ataarifiwa, siku za kusubiri zitapita, halafu utakwenda. Dada zetu wanaofanya kazi majumbani hawakuingizwa humo, na hilo ni la kuandikiwa makala yake. Sisi tuliingizwa. Tulishangilia jikoni siku ile, tukapiga sufuria. Lakini simu ya Fundi ilikuwa mbovu na maandishi yote yalikuwa Kiarabu, na katika jiko letu aliyesoma Kiarabu sawasawa alikuwa mmoja: huyo huyo msimamizi, enzi hizo akiwa bado hapa Riyadh. Fundi akampelekea simu. Akamweleza mama ni mgonjwa, ni mzee, naye ni mtoto wake wa kiume wa pekee, na kwao maiti hailali, atakayechelewa hakuti kitu. Msimamizi akaichukua simu, akabonyeza bonyeza, akamrudishia akimpigapiga begani.

"Nimeshatuma, ndugu yangu. Wewe subiri tu."

Akasubiri. Kila baada ya siku chache alimuuliza, na kila mara jibu lilikuwa na tui. Bado, ndugu yangu. Mtandao unasumbua, ndugu yangu. Ramadhani ikaandama. Baada ya wiki nzima ya mfungo akaambiwa: mafi, hakuna, wamekataa, ni kwa sababu ya msimu, jaribu baada ya Idi.

Sasa niwaambieni habari yangu, na naomba msinicheke, au mnicheke, mnaruhusiwa. Ijumaa moja katikati ya kusubiri huko, kabla hajaambiwa wamekataa, Fundi alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa shati safi. Aliniambia kuna karani mmoja Batha, mzee wa Kisudani anayewaandikia watu barua na kuwashughulikia mambo ya ikama, yaani kibali cha kuishi huku, na simu zao. Anataka nimsindikize tukamwonyeshe simu, tujue kama kweli ombi limetumwa. Mimi nilikuwa nimejilaza, feni inazunguka, nimeweka mguu juu ya mto. Nikamwambia jua ni kali na mtu amefunga. Nikamwambia kesho, inshallah. Halafu nikasema neno ambalo leo nalitoa mdomoni mwangu vipande vipande: "Msimamizi ni mtu wa kwetu, Fundi. Namjua mpaka kwao. Hawezi kukudanganya." Akaniamini mimi. Akarudi kwake na shati lake safi. Kesho yake sikwenda, wala kesho kutwa. Batha ni mwendo wa robo saa kutoka mlangoni kwangu.

Mama akafa Jumatatu, wiki ya pili ya mfungo, akazikwa siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Jumanne ndiyo nikapata miguu. Nilimshika mkono mwenyewe, tukaenda Batha, nikampa karani simu. Mzee akavaa miwani, akapekua huku na huku, akatutazama mmoja baada ya mwingine kama anayetafuta nani kati yetu ndiye mjinga zaidi. Nilijua, lakini sikujitaja. Akasema hakuna ombi lililokataliwa, kwa sababu hakuna ombi lililotumwa. Lingetumwa siku ile ya Shaabani, siku za kusubiri zingekuwa zimekwisha zamani na mtu angekuwa kwao amekaa kitandani pa mama yake. Fundi akamshukuru kwa adabu, akaichukua simu akaitia mfukoni. Tukaenda moja kwa moja mpaka jikoni. Msimamizi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha baridi, na Fundi akamuuliza mbele yangu, bila kupandisha sauti, kwa nini.

"Sasa ningekuacha uende," akajibu, "saladi ya futari angekata nani?"

Haya ndiyo maneno yake. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Wewe unayesoma, nakuomba uyarudie mara moja zaidi, taratibu, wenzako wa nyuma hawakusikia vizuri.

Pasaka iliingia siku mbili baada ya kifo hicho. Kwao sikukuu inapofika hukata matanga. Aliyefiwa anainuka kutoka alipokaa, hata kama amekaa siku moja, anakwenda mezani. Tukaila stoo, mimi na yeye, baada ya kugawa futari na kusali magharibi, juu ya gunia la unga lililotandikwa kitambaa cheupe. Mimi nimefunga tangu alfajiri, naye amekaa na msiba wake. Alikuwa amepika mikate yake haraka haraka juu ya kikaango, na amesaga tende na kokwa za jozi kuwa kitu kama tope tamu, ukumbusho wa udongo wa matofali ya Misri. Jani linachovywa humo. Nikazamisha langu kama mtu anayejua mambo ya tende, akanishika mkono. Ikung'ute, akasema. Sheria ni uguse utamu kisha uukung'ute, usije ukazika ladha. Nikataka kuegemea gunia la mchele nyuma yangu, kama ilivyo desturi yangu na ya ukoo wangu, akanikataza tena. Mkate huliwa na divai hunywewa kwa kuegemea, kama watu huru. Mboga chungu hailiwi kwa kuegemea. Kaa wima, Mwinyi.

Nikakaa wima. Jani lilikuwa la hindiba safari hiyo, halikuchemshwa, na mimi ni mtu mwoga mbele ya vitu vichungu. Nikalipitisha kooni haraka nikafuata na maji. Akaniona.

"Hujala," akasema. "Mkate ukiumeza bila kutafuna, umehesabiwa umekula. Hii ukiimeza hujafanya kitu. Hata ukiifunga ndani ya kitu kingine ukameza, hujala. Lazima itafunwe mpaka mdomo ujue."

Nikamuuliza kwa nini mkate uhesabiwe na jani lisihesabiwe. Akasema mkate ni chakula, tumbo likipata limepata. Jani halikuletwa kwa ajili ya tumbo. Akanipa jingine, lenye ukubwa wa zeituni yetu ya pipa. Nikatafuna. Nilipokuwa natafuna nikamwambia yale niliyokuwa nimeyaficha tangu Batha: kwamba ile Ijumaa sikuwa na homa wala kazi, nilikuwa na mto tu, na kwamba nilimtetea mtu kwa sababu ya jina la mji. Ilichukua muda. Machozi yalinitoka na sitadai kwamba ni hindiba. Hakunikatiza wala hakunisaidia. Nilipomaliza akanisogezea sahani ya nyama, akasema tule. Hakulirudia jambo hilo kwangu mpaka anakufa. Ndipo nikamuuliza kuhusu yule mwingine, kama atamsamehe. "Atatafuna kwanza," akasema, akaendelea kula. Msidhani ni neno la upole. Nilimwona usoni. Mtu yule alikuwa anataka kisasi kama vile mimi nataka chai, isipokuwa kisasi chake kilikuwa na kanuni, kiasi na siku yake kwenye kalenda.

Baadaye kampuni ilifungua jiko Jedda, Al-Mahjar, ikawahamisha wote wawili, mkubwa na mdogo. Mimi nilibaki na birika langu. Fundi alinipigia simu mara kwa mara, akinicheka kwamba sasa anakaa mji wa bahari na mimi mtu wa pwani nimejichimbia jangwani. Ni yeye aliyenisimulia mambo ya Pasaka ya mwaka jana. Msimamizi alimwendea, kwa sababu vijana wa jiko jipya walikuwa wameanza kunong'ona yale ya Riyadh, na kiongozi hapendi kunong'onwa. Alikwenda na boksi la halua, akasema samahani, ndugu yangu, yaliyopita yamepita, halas. Fundi akamwambia aje mezani jioni ya sikukuu. Akaja, kanzu imepigwa pasi. Fundi akamweleza sheria neno kwa neno kama alivyonieleza mimi, akampa jani, akamwambia: utatafuna, na ukitafuna utasema kwa mdomo wako ulichofanya, kuanzia siku niliyokupa simu. Basi. Hakumwomba kitu kingine chochote.

Msimamizi akalichukua jani. Akalizamisha kwenye tende mpaka halikuonekana rangi. Hakulikung'uta. Akaliviringisha ndani ya mkate, akalitupa mdomoni, akafuatisha na bilauri nzima ya soda, akajifuta midomo kwa leso. "Yamekwisha, ndugu yangu," akasema. "Mimi na wewe sasa ni chakula kimoja."

"Hujala," Fundi akamwambia. "Rudi mwakani."

Aliponisimulia hayo kwenye simu alikuwa anacheka, kicheko cha mtu asiye na haraka. Nikamwambia, Fundi, huyo hatarudi. Akasema, Mwinyi, Pasaka inakuja kila mwaka, mimi nina subira kuliko yeye alivyo na soda.

Pasaka inakuja tena, subira ipo, mwenyewe hayupo. Alikufa zikiwa zimebaki wiki tatu tu. Na maiti yake ilitoka nchini upesi kuliko maiti yoyote niliyowahi kusikia. Karatasi zote zilipatikana, mihuri ikapigwa, akafika kwao, dada yake akampokea. Aliyezishughulikia ni msimamizi mwenyewe. Safari hii alibonyeza kila kitufe. Dada huyo ndiye niliyemuomba ruhusa ya kuandika haya, pamoja na jambo la dini yao, maana yeye kaka yake alilinyamazia huku kwa miaka. Akaniambia niandike alivyokuwa, na nisimfanye malaika.

Kwa hiyo sitasema alikuwa mpole. Watu wanapenda kuzika wenzao na upole ambao hawakuwa nao, hasa wakiwa maskini, maana maskini mpole hamsumbui mtu hata akifa. Fundi alikuwa na kinyongo, akakilisha, akakitunza kama kitu cha thamani, na mimi nimekirithi. Ninavyozidi kuishi huku ndivyo ninavyoona kwamba tumezungukwa na samahani za kumeza. Kampuni ikikukosea inakuletea keki ya kampuni. Wakala aliyemdanganya binti wa watu kuhusu kazi anampigia mama yake kumtakia Idi njema. Sheria zinabadilika, na kweli zinabadilika, sitakuwa mtu wa kukataa kizuri. Nimeona wenzangu wakijiombea safari kwa vidole vyao na kuondoka wakiimba. Lakini sheria nzuri ikikaa ndani ya simu, na simu ikakaa mkononi mwa mtu wa kwetu mwenye maneno matamu, na jirani yake akakaa kitandani na mguu juu ya mto, Firauni anahitajika wa nini? Kazi yake tumeifanya sisi wenyewe, kwa Kiswahili fasaha. Kinachoudhi zaidi ni kile kinachofuata, pale mkosaji anapotaka ahesabiwe amekula. Anataka jina lake liandikwe kwenye orodha ya waliokaa mezani.

Na sasa nakurudia wewe, ndugu yangu, mtu wa mji wangu, mwenye sauti ya redio. Uliomba nitaje kwamba mlikaa meza moja. Nimetaja. Uliomba nitaje mboga chungu. Nimezitaja mpaka zimenikaa kooni. Jina lako sikuliandika, kwa hiyo huna pa kunishitakia, na hapo mezani hakuna asiyelijua. Kama umeacha kusoma mahali fulani kule juu, labda pale kwenye mlango wa chumba cha baridi, basi anayesoma sasa hivi ni mwingine, maana kila mmoja hapo ana simu yake na safu hii inaonekana kwenye zote; nawe umekaa unasikiliza. Lakini nadhani hukuacha. Nakujua. Ulidhani nitageuka mwishoni nikakusifu, kama tunavyofanya watu wa pwani, nikachemsha, nikamwaga maji, nikatia nazi. Ndivyo ulivyosoma neno baada ya neno, kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya watu wanaokula mkononi mwako, ulichofanya kuanzia siku uliyopewa simu. Hayo ndiyo aliyokutaka uyaseme. Jani lako limeingia mdomoni, ndugu yangu, na safari hii mezani hakuna tende.

Unaweza kunihamishia Jedda kwa makala haya. Mamlaka unayo, na unajua kwamba kwangu mimi hakuna adhabu kubwa kuliko kutolewa chumbani. Zamani ningeogopa. Sasa nimeshakunja kikoi, nacho na birika vimo ndani ya begi, na Pasaka ya Fundi ni wiki ijayo. Nitakuja mwenyewe hata usiponihamisha. Nitakuja na khasi, kutoka chini kabisa, penye uti mweupe, na zeituni moja nyeusi ya kupimia. Somo la mkata mboga ni fupi na halina pambo: uchungu uliomsababishia mwenzako hauishi kwa kuumeza, unaisha ukiutafuna mpaka mdomo wako uujue. Mimi langu nililitafuna stoo, juu ya gunia la unga, na leo nimelitafuna tena mbele ya wasomaji wangu wote. Bado lako.

Usiegemee. Kaa wima. Tafuna.